Moto wa Msiba Nilioumwagia Maji

Mama yangu alizikwa Mbeya mwaka huu, wakati wa baridi. Siku ya kumaliza msiba, baba mdogo aliniita kwenye moto ambao wanaume walikuwa wakiuota na kulala kando yake tangu siku ya kwanza. Alinipa bakuli la maji, akasema mimi ndiye mtoto wa kwanza, niuzime. Nikamwambia ampe mdogo wangu. Watu walidhani ni uchungu. Uchungu ulikuwepo, lakini kilichonirudisha nyuma ni aibu. Moto wa msiba nilishawahi kuuzima, na haukuwa wa kwetu.

Nilikuwa kidato cha pili. Shule yetu ilitupeleka Iringa, kwenye kijiji kilicho mbele kidogo ya Tosamaganga, kufanya kazi za kujitolea. Tulilala kwenye madarasa ya shule ya msingi, na asubuhi tukagawanywa kwenye nyumba za wazee wanaoishi bila watoto wao. Kundi letu lilipewa bibi mmoja. Mwalimu aliyetusimamia alisema tufanye kazi inayoonekana, kwa sababu angepiga picha kabla na baada, awatumie wazazi kwenye kundi lao la simu.

Bibi hatukumkuta. Jirani aliyekuwa anapita na jembe alituambia ameenda kuchuma mboga, atarudi sasa hivi. Uwanja wake ulikuwa mchafu kweli. Nyasi kavu zilikuwa zimetandazwa chini, juu yake magunia, na katikati kulikuwa na rundo la majivu na gogo nene lililokuwa likifuka moshi polepole. Mwenzetu mmoja ambaye hajui kukaa kimya alisema huyu bibi lazima alichoma ng'ombe mzima na hakutualika. Tukacheka. Tukakubaliana tumalize kabla hajarudi, ili ashangae.

Wavulana walikusanya nyasi na magunia wakavitupa kwenye shimo la taka. Mimi nilichukua ndoo ya maji tuliyokuwa tumemtekea, nikalimwagia lile gogo. Moshi mweupe ulinijaa usoni, nikamwaga na maji yaliyobaki. Tukatupa gogo na majivu shimoni, tukafagia uwanja mpaka ukabaki na mistari ya ufagio kama wa kanisani siku ya Pasaka. Mwalimu akapiga picha. Nilijiona mtu mwema. Katika yote, hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka.

Nimejiuliza mara nyingi kama kweli sikujua, na kweli sikujua. Misiba niliyokuwa nimeiona mjini ilikuwa na turubai, viti vya kukodi na watu wengi. Pale watu walikuwa wameshazika wamerudi mashambani, na hata shemeji yake bibi, aliyekuwa akilala kando ya ule moto, alikuwa ameenda kulima. Lakini yule jirani tulikuwa naye hapo hapo, na hakuna aliyemuuliza, hata mwalimu.

Bibi alirudi na mboga kwenye kanga. Tulimpa shikamoo kwa pamoja kama tuko darasani. Aliitikia huku akiutazama uwanja, sisi hakututazama. Akaenda mpaka pale palipokuwa na gogo, akainama, akaweka kiganja kwenye udongo uliolowa.

"Nani kauzima?"

Niliinua mkono, vilevile kama darasani.

Akakaa chini. Ndipo akatueleza, bila kupandisha sauti, kwamba mumewe alizikwa wiki iliyopita. Mtoto wao wa pekee wa kiume alikuwa Rujewa, ndani kabisa kwenye mashamba ya mpunga, na simu haikumpata mpaka baba yake alipokuwa ameshazikwa. Alikuwa njiani, angefika siku hiyo hiyo. Kwenye ukoo wao, mtoto aliyekosa mazishi hukuta moto unawaka, akauota pamoja na wazee, kisha akauzima kwa mkono wake. Hapo ndipo na yeye anakuwa amezika. Ule moto walikuwa wanamtunzia yeye.

Mwalimu alianza kuomba radhi, akajikuta anaongea kama yuko kwenye kikao cha wazazi. Mimi nilishuka shimoni nikapekua majivu kwa mikono, nikitafuta kaa hata moja lililo hai. Yote yalikuwa matope. Wenzangu walikuja kunisaidia. Yule wa utani wa ng'ombe alikuwa analia.

Mwishowe bibi aliuliza nani ana kiberiti. Mwalimu akatoa cha gesi mfukoni, yeye aliyekuwa akituchapa kwa ajili ya sigara. Hakuna aliyecheka. Tukalirudisha gogo, tukatandaza upya nyasi na magunia, tukawasha kwa mabua ya mahindi. Gogo lilikuwa limelowa, likawa linatoa moshi kuliko moto.

"Mwanangu asijue," bibi alisema. "Akijua atajiona hajamzika baba yake."

Alifika alasiri, mtu mzima, viatu vimeganda tope la bondeni. Mama yake alilia, yeye hakulia. Alichuchumaa akanyoosha mikono juu ya ule moto wetu wa kiberiti, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akatuona tumejipanga ukutani na fagio zetu, akauliza sisi ni nani.

"Wanafunzi," bibi alijibu. "Wamekuja kunisaidia."

Akainuka, akaja kutupa mkono mmoja mmoja. Aliponifikia mimi aliuona mkono wangu ulivyo mweusi kwa majivu, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, mdogo wangu, kwa kuutunza moto wa baba."

Nikamwambia asante na wewe. Wazee waliporudi kutoka mashambani, walikaa naye kidogo, kisha akaomba maji akauzima. Sikutazama.

Moto wa mama aliuzima mdogo wangu. Mimi nilisimama nyuma ya watu, mikono nimeificha ndani ya kanga.