Hatua ya Tano ya Bubu

Mama mkubwa ana miguu mikubwa na hajali. Anavaa buti za mpira za kiume, na akishuka nazo kwenye ngazi za nyumba tunayopanga, jirani wa chini hana haja ya saa. Ni dada mkubwa wa mama yangu, ndiye aliyenilea, na kazi yake ni mbwa. Hasemi anaenda kazini. Anasema anaenda kuwaona wenzake.

Wenzake wako tisa, mali ya kampuni ya ulinzi. Usiku wanalinda maghala, mchana wanafungiwa vizimbani nyuma ya ofisi. Mama mkubwa aliajiriwa kuwapikia na kuosha vizimba, basi. Hakuna aliyemwambia awapende, na mwenyewe husema hawapendi, anawaelewa tu. Mimi huenda naye kumbebea maji, kwa hiyo haya niliyaona.

Kizimba kina urefu wa hatua nne za mbwa. Najua kwa sababu ya Bubu, dume kubwa jeusi ambalo hakuna aliyewahi kulisikia likibweka. Alikuwa anakwenda hatua nne, anageuka, hatua nne, anageuka, kutwa nzima, mpaka sakafu ya saruji ikafanya mstari. Wiki moja akamng'ata mlinzi mkono wakati anafungwa mnyororo. Meneja akasema inatosha. Ijumaa daktari wa mifugo angekuja na sindano ya kummaliza.

Mama mkubwa aliingia ofisini na fagio lake mkononi. Hakuketi. Akamwambia meneja kwamba mbwa yule hana wazimu, amechoka kutazama ukuta. Ng'ambo ya barabara kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani, nyasi na vichaka mpaka kijitoni, hakuna nyumba wala kuku wa mtu. Apewe ruhusa ampeleke huko akakimbie. Meneja alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, huyo ukimfungua humwoni tena. Tulishajaribu hapa uani. Masaa mawili tunakimbizana naye, watu sita."

"Niliwaona," akasema mama mkubwa. "Nilikuwa nafagia."

Akapewa mpaka Ijumaa. Lakini siku hiyo meneja angekuja kutazama mwenyewe, na Bubu asiporudi akiitwa, yeye ni sindano na mama mkubwa aanze kutafuta kazi nyingine. Akakubali hapo hapo, kama mtu aliyeulizwa kama atakunywa chai.

Njiani nilimuuliza kama haogopi. Akaniambia niwatazame walinzi asubuhi wakifungia mbwa, halafu nimuulize tena. Nikatazama. Hawamwiti mbwa ila wakati wa kumrudisha kizimbani. Filimbi inapulizwa, mtu anasema njoo, komeo linagonga. Siku zote, miaka yote.

"Sasa wewe," mama mkubwa akaniambia, "kila nikikuita iwe ni kukufungia chumbani. Utaitika, au utaruka dirisha?"

Sikumuuliza tena.

Jumanne na Jumatano alimpeleka machimboni na kamba ndefu, kamba mbili za kuanikia nguo alizoziunga. Mfukoni ana vipande vya utumbo vilivyochemshwa. Anamwacha anuse, anamwita kwa sauti ya chini, "Bubu wa mama," anampa kipande, anamkuna nyuma ya sikio, halafu anamwambia haya nenda. Hivyo hivyo mara ishirini, thelathini. Na wakati wa kurudi hamwiti kabisa. Anampa mgongo anaondoka, na Bubu, ambaye maisha yake yote watu walikuwa wakimfuata yeye, anashangaa, anamkimbilia.

Alhamisi alifungua kamba.

Bubu hakukimbia. Alikwenda hatua nne kwenye nyasi, akageuka. Hatua nne, akageuka. Mbele yake hakukuwa na kitu ila majani na jua, lakini aligeuka pale pale ambapo ukuta wake ungekuwa. Nilitaka kumsukuma. Mama mkubwa akanishika mkono, akasema mwache ahesabu mwenyewe. Akaenda tena nne, akasimama, akanyoosha shingo, akanyanyua mguu. Akaweka ya tano.

Baada ya hapo hatukumwona, tuliona nyasi tu zikilala njia nzima mpaka chini. Alirudi kifua kina tope, masikio yamejaa vishona-nguo, ulimi umening'inia pembeni. Akala kipande chake akaondoka tena bila kuambiwa. Mama mkubwa akakaa juu ya jiwe akavua buti moja, akakung'uta mchanga. Hiyo kwake ndiyo shangwe.

Ijumaa walikuja na gari: meneja, daktari na mkoba wake, na dereva ambaye alikataa kushuka akasema anaona vizuri kupitia kioo. Mama mkubwa akafungua kamba. Bubu akapiga hatua tano, sita, akazama vichakani. Tukasubiri. Upande wa kijito ndege wakaruka wote kwa pamoja, kisha kimya. Meneja akatazama saa yake, akatazama vichaka, akashindwa kuvumilia. Akatoa filimbi akapuliza kwa nguvu, akapiga kelele njoo, njoo.

Bubu akatokea ng'ambo ya kijito, mbali. Akasimama, akatutazama. Halafu akageuza kichwa akaanza kupanda kilima, akituacha.

"Si nilikwambia?" meneja akasema.

"Bosi, shusha filimbi hiyo," mama mkubwa akasema taratibu. "Umemwita kizimbani. Hata mimi nisingekuja."

Daktari akakohoa kuficha kicheko. Mama mkubwa hakupandisha sauti, hakukimbia. Alisubiri Bubu asimame kunusa jiwe, ndipo akamwita mara moja tu. Bubu wa mama. Masikio yakageuka kwanza, kichwa kikafuata. Akashuka kilima mbio, akavuka maji, akaja kujifuta tope lote kwenye buti zake.

Meneja akaokota kamba, akamnyooshea. "Mfunge, mfunge haraka."

Mama mkubwa akampa Bubu kipande, akamkuna, akasema haya nenda. Bubu akaenda.

"Umemwachia tena?"

"Ndiko kuitwa kwenyewe huko."

Alimwita mara tatu nyingine, na mara tatu akaja. Daktari alimpapasa miguu na mbavu, akasema hapa hakuna mgonjwa, akafunga mkoba. Meneja alikuwa bado ameshika kamba. Akauliza, sauti imeshuka, kama yeye naye anaweza kumwita. Mama mkubwa akamwambia anaweza, lakini si leo. Leo filimbi ampe dereva, na Jumatatu aje na mfuko wa utumbo kama watu wengine. Wale wanane waliobaki nao wanangoja zamu.

Kisha akatupa mgongo sote akaanza kurudi. Hakumwita mtu. Bubu akamfuata, mimi nikafuata, na meneja akaja nyuma akiikunja kamba mkononi, akipita kando ya gari lake bila kuliangalia.