Spika Zima

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Mke wangu, mzaliwa wa Nyamirambo hapahapa Kigali, husema nikipandisha hata sufuria jikoni zinanyamaza. Siku ya ndoa ya dada yangu kilichonyamaza kilikuwa kompyuta, na nusura niizabe kofi.

Dada yangu huyo ndiye kitinda mimba wetu. Baba alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia, na kwa kuwa mwanaume ni mimi peke yangu, walii wake nikawa mimi. Ndoa inafungwa kwetu Kigoma, mimi niko Kigali, na mke wangu ana siku tisa tu tangu ajifungue kwa kupasuliwa. Nimwache na mshono na kichanga, nipande basi? Haiwezekani. Nikamwomba shehe wa kule aniruhusu nimwozeshe dada kwa njia ya kompyuta. Akakubali kwa sharti moja: "Tuonane na tusikizane, mimi na wewe. Kikikosekana kimoja, anaozesha ami yenu."

Ami, mdogo wake Baba! Tangu arobaini ya Baba iishe hakutia mguu nyumbani kwetu, wala salamu hakutuma. Dada akanipigia analia. "Kaka, nakuomba. Sauti iwe yako." Nikamwapia kwamba itakuwa yangu.

Simu yangu nzuri ilikuwa imekufa wiki hiyohiyo. Iliniponyoka kituo cha mabasi Nyabugogo, mchukuzi mwenye gunia la viazi kichwani akaipitia na buti lake, na wala hakugeuka. Nikabaki na kitochi cha kupiga na kupokea tu. Kwa hiyo tegemeo lilikuwa kompyuta yetu ya mezani, kikongwe, yenye kamera iliyobanwa juu ya kioo na spika mbili pembeni.

Ndoa ni saa kumi na moja. Saa kumi nilikuwa na singlendi na msuli, nimempakata mwanangu, najiambia nina saa nzima ya kujaribu mitambo. Kitochi kikalia. "Kaka, uko wapi? Watu wameshakaa!" Miaka mitano naishi Kigali na bado nasahau kwamba saa ya Kigoma inatutangulia kwa saa moja. Nilivaa kanzu juu ya msuli uleule.

Kompyuta ikafunguka, na hao hapo: dada ndani ya shela, bwana harusi anameza mate, shehe, na pembeni mwa shehe kabisa, amejikunyata tayari kama mchezaji wa akiba, ami. Nikasema, "Asalaam aleikum!" Midomo yote ikachezacheza. Sauti hakuna. Nikarudia kwa nguvu. Midomo ikacheza tena. Dada akagusa sikio lake, akatikisa kichwa juu chini, nami nikaelewa kwamba hawanisikii. Shehe akainua mkono, akaonyesha saa yake. Kulikuwa na ndoa nyingine ikimsubiri kabla ya magharibi.

Nikampigia shemeji, kaka yake mke wangu, fundi wa redio na kompyuta pale Nyabugogo. Nyuma yake mabasi yanapiga honi na wapiga debe wanaita abiria. Huku mashine haina hata mnong'ono, kule kelele za nchi nzima!

"Shemeji, sauti hakuna! Na ndoa inanisubiri!"

"Tulia, shemeji. Kwanza spika. Spika zima?"

Nikapeleka mkono nyuma ya spika, nikabonyeza swichi. "Tayari. Zima."

"Sawa. Kama iko zima, twende mbele. Sasa fungua mahari ya sauti."

"Mahari imeshatolewa, shemeji! Cherehani, ipo pale pale mkekani naiona!"

"Mahari, si mahari! Pare kwenye kompyuta, penye arama ya spika!"

Mahali, jamani. Miaka mitano nimezoea R zake na L zake, najisifu kabisa kwamba sikosi hata neno lake, lakini siku ya harusi ukitajiwa mahari unafikiria nini? Tukafungua hapo mahali pa sauti. Tukakuta kompyuta ilikuwa inapeleka sauti kwenye kioo, tukaihamishia kwenye spika. Kimya. Tukapandisha mpaka mwisho. Kimya. Shemeji akasema kuna mteja, nishikilie simu kidogo, nikashikilia.

Mke wangu alikuwa kitandani, mlango wazi, mtoto kifuani. "Basi mwache ami aozeshe," akasema kwa upole. "Muhimu ndoa."

Hapo nikapandwa na mori. "Huyo? Akiozesha huyo, Kigoma sikanyagi tena! Alikuja kula pilau ya matanga akapotea! Na huyu bwana harusi naye, mtazame, shingo ndefu kama anachungulia ukuta wa jirani, kanzu ya kuazima, sijui dada kampendea nini!" Mke wangu akacheka, akajishika mshono. Nikakaa. Nikasema kwa sauti ya chini kidogo, "Unajua naogopa nini? Naogopa kuyatamka yale maneno. Ni maneno ya Baba. Siku nitakayoyatamka mimi, basi ndiyo hayupo tena."

Mke wangu akauliza, "Kaka yangu alikwambiaje kuhusu spika?"

"Kaniambia niizime. Spika, zima. Nikazima."

"Mana yanjye, Mungu wangu!" Alimweka mtoto pembeni ili acheke vizuri. "Alikuuliza! Spika nzima? Iko salama? Sisi huku hatuhangaiki na hizo N zenu! Alikuuliza nawe ukaenda kuzima!"

Nikairukia swichi. Taa ya kijani ikawaka, na chumba kikajaa kicheko cha ukoo mzima. Akina mama walikuwa hoi, mmoja analia kwa kucheka, anaomba maji.

"Waaleikum salaam," akasema shehe, "kwa mara ya saba. Kijana, sisi tunakusikia tangu ulipoingia. Usiyesikia ni wewe."

"Tumekupigia mpaka vidole vinauma," dada akasema. "Simu inatumika, inatumika!"

Ardhi ingepasuka ningeingia na kanzu yangu. Kamera ile ina kipaza sauti ndani yake, nami kwa haraka zangu sikulifikiria hilo. Bwana harusi alikuwa ameishusha shingo mpaka imeingia kwenye mabega. Ami akakohoa. Nikasubiri matusi, na nilistahili.

"Nimesikia yote, mwanangu," akasema. "Sina la kujitetea." Akanyanyuka, akamuachia shehe nafasi, akaenda kukaa nyuma na wanaume wengine. "Mwozeshe wewe."

Shehe akasema haya, tuanze. Nikakohoa, nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nikajaribu tena. Hewa tupu. Kule wote wakaisogelea kamera.

"Kaka?" dada akaita, ana hofu. "Sauti imekatika tena?"

"Haijakatika," mke wangu akajibu kutoka chumbani. "Analia."

Hakuna aliyecheka. Shehe akaangalia saa yake, akaishusha mikono ya kanzu yake ikaifunika ile saa, akasema, "Tunakungoja." Wakaningoja kweli. Nikafuta uso kwa kanzu, nikashika meza, nikaanza: nimekuozesha dada yangu... Sikufika kwenye cherehani. Bwana harusi, kwa kiherehere, akaruka, "Nimekubali!" Watu wakaangua kicheko upya, na shehe akasema hapana, hiyo haijatimia, turudi mwanzo. Nikarudi mwanzo. Nikatamka yote, neno kwa neno, kwa sauti iliyomwamsha mwanangu, na bwana harusi akasubiri mpaka nikamaliza.

Baba angemwozesha mara moja. Mimi ilibidi nimwozeshe mara mbili, na ile ya pili sikulia.