Nusura bima ya gari immeze Pensheni, ng'ombe wa mke wangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo shikamoo zenu nimezipokea.

Kwa muda mrefu humu nimekuwa msomaji tu. Nacheka shida za wenzangu nikiwa nyuma ya usukani nasubiri wageni wamalize kunywa kahawa. Leo ni zamu yangu. Nitasimulia kama ilivyokuwa, pamoja na sehemu ambazo naonekana mjinga, maana ukizitoa hizo uzi wenyewe haubaki.

Mimi ni dereva wa watalii Karatu. Nina Land Cruiser moja, ile ndefu yenye paa la kufunguka. Ni yangu mwenyewe, si ya bosi. High season kampuni za Arusha zikizidiwa na wageni zinanikodi pamoja na gari, na hapo ndipo tunapopata hela ya mwaka mzima. Nyumbani ni Kansay. Mke wangu, Mama Neema, analima na kufuga.

Sharti la kampuni ni moja tu: gari liwe na bima kubwa. Ile ndogo ya third party hawataki hata kuiona, na kwa kweli siwalaumu.

Sasa kila mwaka nikifika kwenye renewal nakuta bei imepanda. Mwaka wa kwanza nililipa nikaguna. Wa pili nikalalamika. Wa tatu nikakopa kwa shemeji. Mwaka huu quotation ilipoingia kwenye simu nilikuwa natoka kreta ya Ngorongoro. Niliegesha gari pembeni, nikashuka, nikanywa maji kwanza.

Nililaumu kila mtu, wakuu. Nililaumu serikali. Nililaumu dola. Nililaumu madereva wazembe wanaopindua magari mpaka sisi wapole tunalipishwa. Nilikuwa na hotuba kabisa, muulize yeyote pale kijiweni kwetu.

Nikajaribu njia za mkato. Niliiuliza kampuni kama safari hii wanaweza kunivumilia na bima ndogo. Wakanijibu kistaarabu kwamba wangetafuta gari lingine.

Jamaa mmoja wa stendi akaniambia ana stika ya bima ya bei ya kirafiki. Niliingiza namba ya ile stika kwenye mfumo wa kuhakiki, ikaniletea pikipiki. Pikipiki nyekundu. Nikamrudishia stika yake bila ugomvi na kwenda zangu.

Bima ilikuwa inaisha Jumamosi. Wageni walikuwa wa Jumatatu, na hao ndio wageni wa kufungua msimu. Ukiwakosa hao, nafasi yako anakaa mwenzako na wewe unabaki kusalimia magari barabarani.

Hapo ndipo Mama Neema aliposema, "Tumuuze Pensheni."

Niwaeleze kidogo. Pensheni ni ng'ombe wa maziwa. Mke wangu alimnunua akiwa mtamba, kwa hela ya vitunguu vyake, na akampa jina hilo kwa sababu, alisema, mkulima hakuna anayemwekea akiba ya uzeeni. Maziwa ya Pensheni ndiyo yanayomweka Neema shule ya bweni. Mimi gari langu likilala gereji miezi miwili, nyumbani hakuna anayejua. Pensheni akiumwa siku mbili, tunajua wote.

Nilipaswa kukataa. Nilinyamaza. Bado naona aibu kwa ule unyamavu wangu.

Alhamisi ilikuwa siku ya mnada Karatu. Tulimpandisha Pensheni kwenye kirikuu cha jirani, kile kigari kidogo cha mizigo, asubuhi na mapema, Mama Neema akakaa naye nyuma akimshika shingo njia nzima. Mimi nikakaa mbele na dereva.

Mnadani hatukukaa hata nusu saa akaja mzee mmoja wa Kimasai. Shuka safi, fimbo mkononi, simu mbili shingoni. Alisema ametoka Piyaya, anamtafutia ng'ombe wa maziwa binti yake aliyeolewa huku Rhotia. Akamzunguka Pensheni taratibu, akampapasa mgongo, akainama kuangalia kiwele.

"Yeyo, hii nakamuliwa ngapi?" akamuuliza mke wangu. Hao wazee mwanamke mwenye heshima wanamwita yeyo, yaani mama.

Mimi nikafungua mdomo haraka. Nilishapanga kusema lita ishirini.

Mama Neema akaniwahi. "Kumi na mbili, mzee. Akila vizuri kumi na nne. Chuchu hii ya nyuma haitoi, iliumwa. Na ukimkamua una hasira anapiga teke."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nani anauza namna hiyo?

Mzee naye alishangaa. "Kwa nini naniambia hiyo ya chuchu?"

"Kwa sababu kesho utakamua mwenyewe," mke wangu akamjibu.

Mzee akacheka polepole. Akasema, "Hapa watu wengi nauza mdomo. Wewe nauza ng'ombe." Kisha akauliza kwa nini ng'ombe mzuri hivi anauzwa.

"Bima ya gari ya baba yake Neema," akasema, akinionyesha kwa kidevu.

Mzee akanigeukia. "Gari yako ni ya bei gani?"

Wakuu, mdomo wangu una mazoea yake. Bila kufikiri nikasema, "Milioni sabini na tano, mzee."

"Sabini na tano!" Akapiga fimbo chini. "Sasa si uuze gari ununue hii mnada yote? Leta huyo mtu mwenye sabini na tano, mimi nataka kumwona."

Watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Yule mzee wala hakuwa ananidhihaki. Akaniambia kwa utulivu kabisa, akiniita ero, yaani kijana, "Ero, kwetu ng'ombe ni bei ya yule ameshika pesa. Bei ya kwenye mdomo hainunui hata kamba."

Mama Neema ndiye hakucheka. Alikuwa ananitazama. "Sabini na tano imetoka wapi? Hilo gari si tulilinunua hamsini na tano? Tena kabla hujalitoboatoboa kule Digodigo?"

Hapo sasa nije kwenye ujinga wenyewe.

Sisi madereva wa kijiwe chetu bima hatuendi kukata ofisini. Wakala wetu, Dada Paskalina, anatufuata pale pale kijiweni na mkoba wake. Anakaa kwenye benchi, anatuita mmoja mmoja, na swali lake la kwanza ni, "Mwaka huu gari lina thamani gani?" Anauliza kwa sauti ya kawaida tu, ila kijiwe kizima kinasikiliza, mpaka muuza kahawa.

Mwaka wa pili Gwandu, mwenzangu ambaye ana gari kama langu, alitangulia kusema sitini. Mimi nikasema sitini na mbili. Mwaka uliofuata akaja na hadithi ya mzungu aliyetaka kumpa sitini na nane. Nikasema yangu ni sabini. Mwaka huu yeye sabini na mbili, mimi sabini na tano, na nikaongeza kwamba naipunguza kwa sababu sipendi makuu.

Bima kubwa inapigwa hesabu kutokana na thamani unayoitaja. Nilikuwa nalijua hilo. Wote tunalijua. Lakini nani atasimama mbele ya Gwandu aseme gari lake limeshuka bei? Gari langu linapiga Loliondo, linashuka kreta, linarukaruka njia ya Digodigo, kila mwaka linazeeka. Kwenye karatasi linazidi kuwa kijana.

Nikampigia Paskalina pale pale mnadani. Nikamuuliza kwa ukali kidogo kwa nini ananipandishia bima kila mwaka.

"Kaka, mimi naandika unachosema," akanijibu. "Kila mwaka nakuuliza, na kila mwaka unaongeza. Nilidhani umebadilisha injini."

"Sasa likipinduka si mtanilipa hiyo sabini na tano?"

"Utalipwa bei ya soko ya siku hiyo, kaka. Hamsini, arobaini na ngapi, kutegemea hali yake. Mbona nilikueleza mwaka juzi? Ulikuwa unabishana na Gwandu."

Nilikaa chini wakuu, juu ya gunia la mtu. Yaani miaka yote hiyo nalipia sifa. Sifa ambayo hata nikipata ajali hakuna wa kunilipa.

Mama Neema aliniambia neno moja la Kiiraqw ambalo sitalitafsiri hapa, kuna watoto humu.

Halafu akamgeukia mzee akamwomba asubiri mpaka kesho. Mzee akakubali bila shida. Alisema hata hivyo hanunui ng'ombe wa maziwa bila kumwona akikamuliwa, kwa hiyo atachukua boda asubuhi aje Kansay. "Kama bado mnauza," akaongeza, akinitazama mimi.

Mke na ng'ombe wakarudi nyumbani na kirikuu. Mimi nikaelekea mjini kulichukua gari kijiweni. Paskalina alikuwa ameniambia kuna mthamini wa magari huwa anakuja Karatu, yupo mpaka saa kumi, nimpelekee akalikague.

Mthamini alikuwa kijana mpole mwenye tochi na daftari. Akaingia chini ya gari. Akatoka. Akauliza, "Chesisi imewahi kuguswa?"

Hapa ndipo niliposimama njia panda. Fundi aliyeichomelea alifanya kazi nzuri, ikapakwa rangi, ningenyamaza labda ingepita. Na mdomo wangu ulikuwa tayari umeshaanza kusema haijaguswa.

Nikaikumbuka ile chuchu.

"Imechomelewa," nikasema. "Digodigo, mwaka jana. Na shokapu za nyuma ni za mtumba. Na paa linavuja upande wa kushoto mvua ikiwa ya upepo."

Akaandika yote. Akaniletea karatasi: milioni arobaini na sita.

Sitawadanganya, iliniuma. Nilihisi kama nimetukanwa mbele ya wakwe. Nililizunguka gari langu mara mbili nikiliangalia, masikini, limenilea miaka yote hiyo na mimi nimekuwa nalivalisha nguo zisizo zake.

Lakini Paskalina alipotuma quotation mpya, wakuu, nilisoma mara tatu. Ilikuwa chini hata ya ile niliyolipa mwaka wa kwanza. Hela ilikuwepo kwenye simu. Nililipa nikiwa nimesimama pale pale kwa mthamini, nikahakiki stika kwenye mfumo, likaja gari langu, rangi yake, namba yake. Ikabaki na ya kununua pumba za Pensheni.

Nilicheka peke yangu njia nzima hadi Kansay. Mzigo ulishuka mabegani nikausikia kabisa ukishuka.

Nilipofika, Mama Neema alikuwa bandani. Nilimpa simu asome. Akasoma, akairudisha, akaendelea kumwagia ng'ombe maji. Kisha nikaona anafuta macho kwa kanga. Na mimi nikajifanya naangalia pumba.

Kesho yake asubuhi mzee wa Piyaya akaja kweli, na boda. Nilitaka kuanza kuomba radhi, akaniinulia mkono. Alimwona tu mke wangu anavyomkamua Pensheni akajua hauzwi. Akaomba kikombe cha maziwa, akanywa akiwa amesimama, akamwambia mke wangu kwamba ng'ombe akizaa jike ajulishwe yeye kwanza. Wakapeana namba.

Akiwa anapanda boda akaniuliza, "Ero, na gari? Leo ni ya bei gani?"

"Arobaini na sita, mzee. Chesisi imechomelewa."

Akatikisa kichwa akiridhika. "Hiyo sasa ni gari," akasema.

Jumamosi nilienda kijiweni nikasema mwenyewe, kwa sauti, arobaini na sita. Gwandu akacheka mpaka akashika tumbo, akasema gari langu limekuwa bajaji. Nikamwacha acheke. Haikupita saa moja akanivuta nyuma ya kibanda cha kahawa akaniomba namba ya mthamini. Akaniomba nisimwambie mtu. Gwandu, najua unasoma humu, nisamehe.

Nilichojifunza ni hiki. Bima ikipanda, kabla hujaitukana kampuni, ichukue karatasi yako usome pale palipoandikwa thamani ya gari, halafu ujiulize nani alisema hiyo namba na alikuwa anamwambia nani. Likague kila mwaka. Na usije ukaenda upande wa pili ukataja ishirini ili ulipe kidogo, maana Paskalina alinionya kwamba siku ya ajali na wao watakulipa nusunusu. Sema ukweli wa gari lako, hata ule wa chuchu.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie pia: nimesikia kuna punguzo kwa ambaye hajawahi kudai fidia, na mimi sijawahi. Linaombwaje? Na nyie wengine, bila kuficha, gari lako umelikatia bima kwa bei ya soko au kwa bei ya kijiweni?

Nitasoma majibu nikirudi bandani. Siku nisipokuwa na wageni anayekamua ni mimi, tulikubaliana hivyo na Mama Neema. Mpaka leo Pensheni hajanipiga teke.