Jicho la Kupimia Mnanaha

Bi Maimuna wa kisiwa cha Songo Mnara alikuwa amebakiwa na jicho moja, akilitunza kama yai. Kwa hilo alidarizi kofia, na kofia ndizo zilizomlisha. La pili liliondoka na mnanaha.

Mnanaha huota majaani nyuma ya nyumba: maua meupe marefu, tunda la miiba. Jani lake kavu likichomwa, moshi hufungua kifua cha mwenye pumu. Ukizidi, kinywa hukauka, moyo huenda mbio, mgonjwa huzungumza na wasiokuwepo, na wengine hawarudi. Tena majani hayalingani ukali. Mti wa jaani si sawa na wa mchangani. Ndiyo maana mama yake alimfundisha kupima. Tia tone la maji ya jani jichoni mwako, ngoja muda wa uji kuiva, kisha tunga uzi kwenye sindano. Tundu likionekana, jani ni pole, lichome zima. Likipotea, choma robo tu.

"Usichokitia mwilini mwako, usimpe mwenzio," mama alikuwa akisema.

Miaka ishirini Maimuna alitumia jicho la kushoto. Lilipokufa, daktari mmoja huko Lindi alimweleza kuwa jani lile lina atropini.

"Hata sisi tunayo, mama, ila yetu imepimwa chupani. Inapanua mboni. Jicho kama lako likipanuka, maji ya ndani hukosa pa kutokea, presha ikaua mshipa wa kuonea. Limebaki moja. Usilitie tena."

Mwaka uleule mumewe, Idd, alimwacha. Alidai jicho lile linamtia mkosi baharini.

Kisha ikaja wiki ambayo bahari ilichafuka, mashua hazikutoka. Mchana, Binti, mke mpya wa Idd, alimleta mumewe akimkokota. Pampu yake ya pumu ilikuwa imekwisha. Kifua kilipiga filimbi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mmelifuata jicho la mkosi?"

"Maimuna... maneno... baadaye," Idd alisema kwa vipande.

"Ulipokuwa na pumzi uliyasema yote." Maimuna alichukua jani na sindano.

"Dada, mchomee tu! Unapima nini?"

"Majani haya ni ya mti mpya, siyajui. Na jicho lililokufa halioni tundu la sindano. Lete lako basi, nitie tone."

Binti alirudi nyuma hatua moja, akavuta ushungi hadi puani.

Maimuna angeweza kukisia. Jani zima likimuua Idd, watu wangesema pumu imemuua. Alimtazama mtu aliyemwacha, mabega yakipanda na kushuka, akaliponda jani kwa maji, akainua uso, akatia tone katika jicho lililobaki.

Muda wa uji kuiva ulipopita, tundu la sindano halikuonekana. Alichoma robo. Adhana ya alasiri ilimkuta Idd akiomba chai.

Alfajiri maumivu yakamjia Maimuna, yaleyale aliyoyajua. Hakukuwa na mashua ya kumpeleka Lindi mpaka bahari ilipotulia siku ya nne. Jicho halikuona tena hata mwanga wa mlango.

Siku hiyo Idd alisimama mlangoni pake.

"Nakwenda Lindi kuchukua pampu. Nikuletee nini?"

"Nitungie uzi huu kwanza."

"Mashua inang'oa nanga, Maimuna. Mwambie Binti."

Alizisikiliza pumzi zake mpaka mwisho wa kichochoro. Hazikupiga filimbi. Kisha akaulamba uzi, akalitafuta tundu kwa ncha ya kidole.