Udongo wa Baraka Niliopaka Juu ya Ufa

Admin, nifiche vizuri, kama mnavyowaficha hao wake za watu wanaowaandikia kila wiki. Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane, mkazi wa Lodwar, wake wawili, meno kumi na tisa. Shule niliiacha darasa la tatu, ama yenyewe ndiyo iliniacha, kwa hivyo nikikosea herufi nichekeni pole pole. Huwa nasoma visa vya hapa nikiwacheka wenye shida. Leo zamu yangu imefika.

Nilikuwa askari wa geti kwa mhandisi mmoja mzungu aliyekuja kuchimba visima. Alikuwa na pikipiki kubwa ya safari ndefu, ile ya kioo mbele na masanduku mawili ubavuni, imelala chini kama duma. Rangi yake sitaji, maana huku kwetu iko moja tu na mtanijua kabla chai haijapoa. Kazi yake ilipoisha aliniachia mimi, na karatasi zote. Alishanifundisha kuitunza: mafuta ya injini yabadilishwe kabla hayajawa uji, cheni ipanguswe vumbi kwanza ndipo ipakwe mafuta, chujio la hewa likung'utwe kila wiki. Vumbi la Turkana halina adabu, kwa hivyo juu ya chujio nikavalisha stokingi ya mke wangu mdogo. Alininunia mwezi mzima, lakini injini ilikuwa inapumua kama mtoto mchanga.

Mwaka jana, kwenye ile barabara ya Kitale ambayo lami yake ilikufa zamani, niliingia shimo na rimu, ile duara ya chuma inayoshika tairi, ya nyuma ikapasuka. Ufa mrefu kama kidole changu cha kati. Fundi aliutazama akatikisa kichwa. "Mzee, hii si chuma ya kuchomelea. Ni kutoa uweke nyingine. Siku mtu ataipeleka mbio na mzigo, itafunguka kama ganda la njugu." Nikamuuliza nyingine iko wapi. Akasema Nairobi, labda, akacheka. Basi nikajaza gundi ya chuma kwenye ufa, nikapaka rangi, na ndani ya tairi nikatia tyubu ili upepo usitoke. Tangu siku hiyo sikuwahi kuuzidi mwendo wa punda.

Mwisho wa mwaka nikaamua kuiuza, akaja mnunuzi kutoka Kakuma. Tumwite Yohana. Ni mkimbizi wa Sudan Kusini, ana duka kambini na ni mzee wa kanisa. Aliingia kambi akiwa kijana, na sasa nchi yao iko huru anataka kurudi. Nilimtania kwamba kuna magari ya kupanda mpaka huko. Hakucheka. "Nilitoka kwetu kwa miguu nikibeba sufuria," akasema. "Nataka mama yangu anisikie nikija kabla hajaniona."

Alikagua kama mtu mwenye akili. Alisugua mafuta ya injini kwa vidole, akavuta cheni, akasikiliza injini ameinamisha sikio. Kisha akapiga magoti kuelekea gurudumu la nyuma. Hapo ujanja wangu wote wa uzeeni ukaamka. Nikamwambia simama kwanza, kwa mila yetu kitu kinachotoka bomani hakiguswi zaidi kabla ya kubarikiwa. Uongo mtupu. Baraka ni ya kweli, hilo sharti nililitunga pale pale. Nikamwita mke mkubwa alete emunyen, udongo mweupe tunaopaka watu na mifugo tukiwabariki. Nikapaka taa, nikapaka tangi, nikapaka paji la uso la Yohana. Mwisho nikapaka rimu ya nyuma, nzito, juu ya ufa. Nikatema mate ya baraka, nikaiombea barabara iwe laini. Yohana alikuwa ameshavua kofia.

"Apa," akaniita, yaani baba, "mchungaji wangu ameomba, lakini wewe ndiye mwenye ardhi. Khalas, yameisha, nimetulia." Hakukagua tena.

Alipoondoka, mke mkubwa, ambaye ule ufa aliujua, aliosha mikono mara mbili kwa maji ambayo hatuna ya kumwaga. "Miaka arobaini unadanganya watu kwa mdomo, nami nacheka," akasema. "Leo umedanganya kwa udongo."

Juzi nilipita Kakuma. Pikipiki inang'aa kama kioo, kwa sababu anaiendesha Jumapili tu, mpaka kanisani na kurudi. Ila pale nyuma udongo uko vile vile. Akiiosha anauzunguka asiuguse. Alinionyesha kwa wateja wake kama askofu, mkewe akanipa chai na anjera. Maneno yalikuwa mdomoni, nikayameza na chai.

Sasa amenipigia simu. Jumamosi anasafiri, mkewe nyuma, mizigo kwenye masanduku, apite mji wa Loki hadi mpakani Nadapal aingie kwao. Anataka niende Ijumaa niipake upya mbele ya watu wa kanisa. "Mvua imeosha kidogo, Apa. Naona kama kuna mstari hapo, lakini najua wewe huwezi kuniachia kitu kibaya."

Mtasema nimwambie kwa simu. Nimempigia mara tatu. Kila mara anapokea kwa salamu yetu, "Ejok, Apa," nami namuuliza hali ya mbuzi ambao hana. Hapa mtaani mimi ndiye naitwa kwenye harusi na watoto wakizaliwa. Nikisema nilibariki uongo, nani atanipa tena kichwa cha mtoto wake nikipake? Nikinyamaza, wale wawili wataketi juu ya ufa wangu.

Kesho nasafiri. Nilimwomba mke mkubwa udongo, akaninyima. Kwa hivyo nimefunga kitambaa na chupa ya maji, basi. Nyinyi wenye shule, nielekezeni mzee wenu: nikifika mbele ya wale watu, nianze kwa kusema, ama nianze kwa kupangusa?