Utumbo Kwenye Keria

Ilinichukua miezi kumshawishi mke wangu twende Ukerewe kutembea tu. Sisi huku Bariadi mtu akipanda basi la mbali, ama kuna msiba ama kuna harusi. "Tunakwenda kumzika nani?" aliniuliza mara elfu moja. Nikamchorea ramani, maana jiografia ndiyo iliyonibeba kule shule ya jioni: tunavuka na kivuko pale Kisorya, asubuhi tunatembea kwa miguu kando ya ziwa, jua likipungua tunapanda baiskeli pole pole, tukichoka tunakaa juu ya jiwe tunakula machungwa. Siku nne, hakuna kupika. Mwishowe akakubali, kwa sharti moja: aende na baiskeli yake mwenyewe, ile nyekundu aliyoinunua kwa kushona sare za shule mpaka macho yakamwingia ndani.

Wiki moja kabla ya safari, yeye akiwa kwa mama yake Maswa, mdogo wake wa kiume akaja kuiazima. Shemeji haambiwi hapana. Angeomba figo ningemuuliza ya kushoto au ya kulia. Sikumuuliza hata anakwenda kubeba nini.

Alikuwa anatoa utumbo wa ng'ombe machinjioni, anawapelekea wauza supu. Siku tatu, jua la kupasua mawe, mifuko ya salfeti inavuja. Akairudisha, akaiegemeza ukutani, akaondoka anapiga mluzi.

Nimefuga ng'ombe, nimelala chumba kimoja na mbuzi, lakini ile ilikuwa harufu yenye mikono, ilinikaba koo. Maji ya kijani yalikuwa yamekaukia kwenye spoki. Kipande cha utumbo kilijisokota kwenye cheni kana kwamba fundi ndiye aliyekifunga. Chini ya siti, kwenye springi, kulikuwa na funza, wanene, weupe, wanasukumana kama watu gulioni. Nzi wa mkoa mzima walikuwepo, na wa mkoa jirani wamealikwa. Nikatapika chai, nikatapika na kiporo.

Nikasugua kwa majivu, sabuni ya unga, ndimu, mafuta ya taa. Ikanuka utumbo uliokamuliwa ndimu.

Mke wangu alirudi mchana. Salamu yangu ya mchana ya Kisukuma, mwadila, hakuijibu. Pua ilikuwa imeshamfikisha ukutani.

"Nani kaitumia?"

"Mdogo wako."

"Nani kampa?"

Nikaokota tambara, nikaanza kusugua spoki upya. Nilijiona mchafu kuliko wale funza.

"Sema, baba."

"Mimi. Sikukuuliza."

Akagusa siti kwa ncha ya kidole, kisha akakifuta kidole kwenye shati langu. Nikajua safari imekufa. Nikamwambia nitamleta mdogo wake aje aombe radhi.

"Angeniomba mimi ningemkatalia, na asingekasirika," alisema. "Wewe unamwogopa yeye. Mimi huniogopi."

Akaingia ndani. Nilidhani anakwenda kufungua mkoba wa safari atoe nguo. Akatoka na spana. Akachuchumaa kwenye baiskeli yangu, ile safi, akalegeza nati, akaishusha siti mpaka ikamtosha, akakaza.

"Alhamisi tunaondoka," alisema. "Hii napanda mimi. Hiyo ni ya kwako. Utakaa nyuma, na upepo ukitoka kwako, simama mpaka nifike mbali."

Nikajibu sawa, nikihema kwa mdomo.