Damu ya Mzima

Pale maabara jina lake halisi lilikuwa limeshasahaulika. Walimwita Mzima, na lilimkaa. Kila sanduku jipya la dawa ya kupimia lilipofunguliwa, ilibidi lijaribiwe kwanza kwa damu ya mtu asiye na ugonjwa, na mtu huyo siku zote alikuwa yeye. Anakunja mkono wa koti jeupe, anachomwa, mashine inanguruma, majibu yanatoka safi. "Dawa nzuri hii," anasema. "Haya, leteni za wagonjwa."

Sasa asubuhi moja, jamani, mashine ikaleta ubishi. Kilikuwa kile kipimo cha protini inayopanda kwenye damu mwili unapoungua ndani kwa ndani. Wao walikiita kipimo cha moto. Damu ya Mzima ikasoma juu kabisa.

"Dawa imeharibika," akasema. "Imepigwa jua njiani." Akalirudisha sanduku stoo. Likaja la pili, majibu yale yale, nalo likarudi.

"Na la tatu likioza je, kaka?" aliuliza msaidizi wake, dada mmoja mwenye mdomo usiolala. Hakungoja jibu. Akajitoa damu yake mwenyewe, akaitia mashineni, ikasoma chini, safi. Akamtazama mkubwa wake, na safari hii hakucheka.

Basi Mzima hakutulia tena. Akapangusa meza iliyokwisha panguswa. Akafungua friji, akasahau alichofuata, akaifunga. Ni jino, alijiambia, akaenda kwa daktari wa meno. Jino halina neno. Basi ni goti. Basi ni mafua yanakuja. Aliutafuta ugonjwa mdogo kama mtu anayetafuta funguo huku amezishika mkononi, kwa sababu ule mkubwa alikuwa anaujua. Kila alipopanda ngazi za nyumbani kifua kilimbana, na mkewe alipomwambia, "Baba watoto, mbona unahema hivyo?" alijibu, "Gesi tu hiyo. Mimi sina ugonjwa, hata mashine inajua." Alikuwa anaogopa, huo ndio ukweli.

Jioni moja nyumbani aliketi, akasimama, akaketi, akasimama.

"Wewe mwanamume una nini?" mkewe akauliza. "Kiti kina miiba?"

Akamweleza yote, masanduku na mengine. Mkewe akalipuka.

"Yaani mashine ikikusifu ina akili, ikikusema imeharibika? Ebo! Kweli mganga hajigangi. Kesho tunakwenda wote kwa daktari, na ukikataa nitakuja kukutoa huko maabara kwa masikio, wenzako wakiona!"

Daktari wa moyo alisikiliza kifua, akauliza habari za ngazi, akatikisa kichwa.

"Kipimo chenu kinaonyesha moshi, lakini hakisemi unatoka chumba gani," akasema. "Mara nyingi mishipa ya moyo ikiwa imeharibika sana kinapanda, ila hata jino bovu linaweza kukipandisha. Jino umeshaangaliwa, halina kitu. Kwa kifua hiki mimi sibahatishi. Tuipige picha hiyo mishipa."

Mzima, aliyesoma damu za watu maisha yake yote, alikubali bila kubisha. Picha ikaonyesha mishipa mitatu imebana, mmoja umebakiza njia nyembamba kama uzi. Upasuaji haukuwa wa kungoja.

Asubuhi ya kupasuliwa alilala kwenye kitanda cha magurudumu, vidole vyake vikichezea shuka, haviachi. Mkewe alisimama pembeni, amemshikia viatu. Simu ikalia, alikuwa yule dada wa maabara.

"Kaka, nisamehe, najua siku yenyewe ndiyo hii. Limekuja sanduku lingine, na watu wamejaa nje. Tunatumia damu ya nani?"

Kwa mazoea mkono wake wa kulia ukaenda kukunja mkono wa koti, ukakuta gauni la hospitali, ngozi tupu. Vidole vikatulia hapo.

"Tumia yako," akasema. "Yangu ikiletwa, iweke pamoja na za wagonjwa."

Mkewe, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametoa chozi, akaviweka viatu chini, akamwinamia, akalia. Manesi wakangoja kidogo, kisha wakaanza kusukuma kitanda.